Tangi la Katani

Sauti ya kwanza ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayechana kitambaa kipya. Eliufoo, aliyekuwa amekaa nyuma ya lori ameegemea tangi, aliisikia mgongoni kabla ya kuisikia masikioni. Aligeuka. Ubavu wa kushoto wa tangi, chini ya rangi ya kijani iliyokuwa bado inanuka upya, ulikuwa umefura mahali pamoja, uvimbe mrefu kama mkono wa mtu, na rangi iliyokuwa juu ya uvimbe ule ilikuwa inabanduka vipande vipande.

Alipiga bati la kibanda cha dereva kwa ngumi zote mbili.

"Kaka Kassimu, simamisha gari!"

Kassimu alikuwa anashusha lori korongoni, taratibu, gurudumu moja baada ya jingine, na njia yenyewe ilikuwa nyembamba, ukingo wa udongo mwekundu mkono wa kushoto na bonde chini yake. Aliisikia sauti ya Eliufoo akakanyaga breki. Lori lilisita. Maji yaliyokuwa ndani ya tangi hayakusita. Yalisukuma mbele, yakarudi, yakapiga ubavu ule uliofura, na ubavu ukafunguka kuanzia juu hadi chini kama ganda la haragwe. Maji yalimwagika kwa pamoja, yakazoa udongo wa ukingo uliokuwa chini ya magurudumu, na lori likaenda na udongo.

Eliufoo alitupwa kwenye miiba. Alipoinuka, damu ikimtoka kwenye nyusi, hakuona lori mahali alipoliacha. Lilikuwa chini, limelala ubavu, pua imeingia kwenye ukuta wa korongo, na mvuke ulikuwa unatoka kwenye injini kwa mluzi mrefu uliokuwa unafifia. Tangi lilikuwa limekata kamba, likabingirika, likatulia mbele zaidi. Mchanga wa korongo ulikuwa unayanywa maji. Alipofika chini mbio, palikuwa na tope tu, na nyuki walikuwa wameshaanza kutua juu yake.

Walikuwa watatu katika safari ile. Eliufoo mwenyewe alikuwa mtu wa Mhezi, kule juu karibu na Chome, fundi katika shamba la mkonge la Mgiriki mmoja aliyeitwa Bwana Kostas, nje kidogo ya Same. Kassimu, dereva, alikuwa mtu mzima wa Kihurio, mpole, mwenye kuendesha lori kama mtu aliyembeba mgonjwa mgongoni. Wa tatu alikuwa Honorata, nesi Mkatoliki kutoka Bombo, aliyepelekwa kwenye kambi ya watu waliokuwa wanachimba malambo huko mbali nyikani, ng'ambo ya Kisiwani, ambako kuhara kulikuwa kumeanza. Tangi lilikuwa linapelekwa kambi hiyo hiyo. Wachimbaji hawakujua siku wala saa ya kuwangojea. Bwana Kostas naye alitarajia lori lirudi litakaporudi. Hakuna mtu aliyekuwa anaitazama njia kwa ajili yao.

Honorata alikuwa ametoka kibandani kwa kupitia kioo kilichovunjika, mikono imechanika, lakini mzima. Kassimu hakuweza kutoka. Chuma cha mbele kilikuwa kimerudi ndani na kuubana mguu wake wa kulia chini ya goti. Walimchomoa kwa nondo ya jeki na kwa nguvu walizokuwa nazo, na alipotoka, mfupa ulikuwa unaonekana. Hakupiga kelele. Alikuwa anauliza tu, tena na tena, kama maji yote yamekwisha.

Honorata aliufunga mguu kwa vijiti viwili na kamba. Alifanya kazi yake midomo ameibana. Alipomaliza alinyoosha mgongo, akalitazama tangi, kisha akamtazama Eliufoo.

"Asubuhi uliniambia hili ni gumu kuliko chuma."

Ilikuwa kweli. Alikuwa amemwambia hivyo, tena kwa majivuno, wakiwa bado Same.

Na hakuwa amedanganya kwa alichokijua. Bei ya katani ilipoanguka, Bwana Kostas alitafuta namna ya kuitumia mwenyewe, akaagiza madumu ya gundi kutoka ng'ambo, gundi inayogeuka kuwa ngumu kama jiwe ikitiwa dawa yake. Eliufoo alikabidhiwa kazi. Alijifunza kutandaza nyuzi za katani juu ya kalibu yenye umbo la tangi, tabaka la kwanza likienda urefu, la pili likienda upana, la tatu mshazari, na kila tabaka kulilowesha gundi na kulikandamiza kwa gogo la mviringo mpaka hewa yote itoke. Katani ilikuwa lazima ikaushwe juani hadi inalia mkononi. Februari ya mwaka ule wa hamsini na nne, jua likiwaka, alitengeneza kitako cha tangi na ubavu wa kulia. Aliupiga kwa nyundo, nyundo ikarudi. Alisimama juu yake na wenzake wanne wakarukaruka.

Kisha baba yake akafariki, naye akapanda Mhezi kuzika. Masika yakaanza akiwa huko, barabara ya mlimani ikakatika, akakaa. Aliporudi alikuta tangi limekwisha, pande zote zimeungwa, limepakwa rangi ya kijani inayong'aa. Alipouliza ni nani aliyesimamia ubavu wa pili, aliambiwa kazi ni ya wote. Alipotaka kuukagua, Bwana Kostas alimwambia asiguse, rangi haijakauka. Walilijaza maji uani, likakaa siku kadhaa bila kutoa tone. Eliufoo aliridhika. Liliposimama pale uani, hata yeye aliliona zuri.

Sasa alipiga magoti mbele ya ubavu uliopasuka, akaingiza vidole. Matabaka yalikuwa yameachana, moja huku na jingine kule, na kati yake palikuwa laini, pang'aavu, hapana hata uzi mmoja uliokatika. Nyuzi hazikukatika kwa kuwa hazikuwahi kushikwa. Zilichomoka kwenye gundi safi kabisa, kama kijiti kinavyochomoka kwenye uji. Alijua maana yake: katani ililazwa ikiwa mbichi kwa mvua. Alipotazama kwa chini aliona matundu ya hewa yamejipanga, mengine makubwa kama haragwe, na kwenye kona aliona mkunjo, tabaka zima limejikunja mara mbili kama shuka iliyotandikwa na mtu mwenye haraka. Hapo kwenye mkunjo ndipo mpasuko ulipoanzia. Mahali pengine gundi ilikuwa bado inanata. Miezi yote ile, na bado ilikuwa inanata.

Uani, maji yalikuwa yametulia, na ubavu ule ukavumilia. Njiani maji yalikuwa yanapiga kila shimo, kila jiwe, tangu Same hadi Kisiwani na kuingia nyika. Kila pigo lilikuwa linaachanisha kidogo.

"Walijua," alisema. Honorata alimwuliza ni nani aliyejua, naye akamwonyesha mkunjo na rangi iliyopakwa juu yake.

Bahati pekee waliyoipata ni kwamba tangi lilitulia ubavu wa kulia, ambao haukupasuka, ukiwa chini, na ubavu ule ulikuwa umeshika maji kidogo, kama bakuli. Yalikuwa na povu na yalinuka gundi. Honorata alimwaga dawa ya kidonda kutoka kwenye chupa zake mbili kubwa, akazisuuza, akazijaza, akajaza na birika. Kiriba cha turubai kilichokuwa kimening'inia mbele ya lori kilikuwa kimepasuka. Alionja maji yale kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Ni machungu. Tutakunywa kidogo kidogo, na Kassimu atatangulia."

Walizungumza juu ya njia. Kambi ilikuwa mbele, lakini hakuna aliyekuwa na uhakika ni umbali gani, kwa kuwa njia yenyewe ilikuwa mpya na iligawanyika mara kwa mara. Nyuma yao kulikuwa na milima. Ilionekana wazi upande wa magharibi, buluu, mirefu, na wingu limelalia kilele cha Shengena. Kassimu, akiwa amelala chini ya kivuli cha lori, alisema kisima cha wafugaji kiko kabla ya Kisiwani, wanapoteka Wakwavi, na mtu akiielekea milima bila kuiacha hawezi kupotea. Kisha akasema wamwache, wao waende, wamletee watu.

Honorata alimjibu kwamba fisi hawangojei watu.

Eliufoo alikata kwa panga kipande cha ubavu uliopasuka, kwa kuwa kilikuwa kimeshaning'inia na kilikatika upesi. Kilikuwa kirefu, kimepinda mbele kidogo, kama kimetengenezwa kwa ajili ya kuburutwa. Alitoboa matundu, akapitisha kamba, wakamlaza Kassimu juu yake na kuanza kuvuta, jua likiwa limeinama. Walipanda kutoka korongoni, wakapita vichaka vya kwanza. Kipande kilikuwa kinalia chini ya mgonjwa. Eliufoo alikuwa anaisikia sauti ile na kuvuta huku amekaza meno, akijidanganya kwamba kitafika. Kwenye mawe ya kwanza makubwa, tabaka la chini lilibaki nyuma na la juu likaja na kamba. Kassimu aliangukia mguu wake uliovunjika.

Safari hii alipiga kelele. Ndege waliruka kutoka kwenye miti, na ukelele wake ulipokwisha, nyika nzima ilikuwa kimya.

Walilala palepale wakiwa wamewasha moto. Kulipopambazuka Eliufoo alirudi korongoni peke yake. Alikunywa matone yaliyobaki kwenye bakuli la tangi, akaanza kuukata ubavu wa kulia, ule wa Februari. Panga liliruka. Alipiga mahali pamoja, akapiga tena, na kila pigo liliacha alama nyeupe isiyozidi unene wa ukucha. Viganja vyake vilifanya malengelenge, malengelenge yakapasuka, mpini ukawa unateleza kwa damu. Alianza kuutukana ubavu ule kwa Kipare, kazi ya mikono yake mwenyewe, kwa kuwa haukubali kukatika. Jua lilikuwa kali kichwani alipokiangusha kipande, naye akakaa chini akicheka bila sauti, kicheko ambacho hakikumpendeza hata yeye.

Kipande kile kilimbeba Kassimu. Kilipita juu ya mawe, juu ya magogo, juu ya mchanga uliochoma nyayo, na hakikutoa hata mlio. Honorata alivuta kamba moja na Eliufoo nyingine. Walitembea asubuhi mapema na jioni, na jua likiwa kali walijilaza chini ya migunga isiyo na majani, kila mmoja akifuata kivuli chembamba cha tawi lake. Midomo ilipasuka. Mate yaliisha, ulimi ukawa kitu kigumu kinachochukua nafasi mdomoni. Wakati wa kunywa, Honorata alipima kwa kifuniko cha chupa, akimwinua Kassimu kichwa, kisha akampa Eliufoo, kisha akanywa mwenyewe, na alikuwa mwaminifu kiasi kwamba Eliufoo aliona aibu kwa namna alivyokuwa anakitazama kifuniko.

Maji yale yaliwasokota matumbo. Kassimu alikuwa anatapika, na kila alichotapika kilikuwa ni maji ambayo hawakuwa nayo. Honorata alijua kwamba gundi ile mbichi ilikuwa imeingia ndani ya maji, na alijua pia kwamba hakuna mengine. Birika lilipokwisha alimpa Kassimu chupa ya kwanza. Ile chupa ilipokwisha aliitupa.

Walikuta mahali palipoota mimea jamii ya mkonge, ile ya porini, majani yake ya mviringo yamesimama kama mikuki. Eliufoo aliyakata, akayabandua ngozi, wakatafuna. Yalikuwa na unyevu mchungu na nyuzi nyingi. Alitema nyuzi zile mkononi, akakaa anazitazama, mpaka Honorata alipomwambia anyanyuke.

Na wakati wote huo milima ilikuwa mbele yao. Jioni moja waliona mvua ikinyesha juu ya Shengena. Waliiona wazi, pazia la kijivu likishuka polepole kwenye misitu, na Eliufoo alijua vijito vyote ambavyo vingejaa, alijua mahali ambapo mama yake angetoa ndoo nje kukinga maji ya paa. Upepo uliotoka kule uliwaletea harufu ya udongo uliolowa. Honorata aligeuza uso. Ni Kassimu tu aliyeendelea kuangalia, amelazwa kwenye kile kipande, macho yameingia ndani, mguu umekuwa mweusi mpaka kwenye paja.

"Fundi," alisema, "hiki nilicholazwa mimi kingekuwa ndicho ubavu wa kushoto, tungekuwa tumefika."

Hakuwa anamlaumu. Alisema kama dereva anavyosema juu ya tairi. Eliufoo alikaza kamba begani, akavuta.

Asubuhi iliyofuata walisikia kengele za ng'ombe. Zilikuwa mbali, nyuma ya kilima kidogo, zikipotea na kurudi kufuata upepo. Eliufoo alijaribu kuita, sauti ikatoka kama kikohozi cha mbuzi. Honorata alichukua chupa tupu iliyobaki, akaanza kuigonga kwa jiwe, taa, taa, taa, na kuendelea kuvuta. Kengele zilisogea. Kassimu alizisikia pia, kwa sababu aliuliza kama ni za kisimani. Honorata alimwambia ndiyo. Kassimu aliomba ageuzwe, aelekezwe kibla. Walimgeuza, na kwa kuwa hawakuwa na uhakika, walikadiria kwa jua. Midomo yake iliendelea kutikisika kwa muda. Wakwavi wawili walipokuja na kibuyu cha maziwa, waliwanywesha wale waliokuwa wamesimama.

Wafugaji walisema Kassimu azikwe hapo. Eliufoo alikataa. Waliendelea kumvuta hadi Kisiwani, Wakwavi wakisaidia kwa zamu, na watu wa msikiti wa pale wakamwosha, wakamzika kwa heshima. Honorata alilazwa kwenye zahanati ya pale, ambayo alikuwa ameizoea kwa kazi yake ya unesi. Eliufoo alikaa barazani, mikono imefungwa vitambaa, hakuweza kushika kikombe.

Bwana Kostas alifika kwa gari lake dogo. Aliwapa pole, na kwa kumtazama ungesema ana huzuni ya kweli. Alikuwa amekwisha kutuma watu korongoni kulivuta lori, na watu hao walikusanya mabaki ya tangi, hata kile kipande kilichoachana kwenye mawe, wakayachoma moto, ili kusafisha njia, alisema. Alipofika ofisa wa kuchunguza ajali, kilichokuwa kimebaki cha tangi lile ni kipande kimoja tu, kile walichokiburuta, kimesimamishwa kwenye ukuta wa zahanati.

Bwana Kostas alimwomba ofisa akipige. Akampa na nyundo. Ofisa alikipiga, nyundo ikarudi. Alikiinamia akatazama upande wa chini, ambao ulikuwa umekwaruzwa na nyika nzima, na haukuwa na ufa.

"Mtu amevutwa juu ya hiki tangu kule?" aliuliza.

Eliufoo alisema ndiyo. Akaeleza kwamba hicho ni cha Februari, kwamba ubavu uliopasuka ulikuwa mwingine, ulitengenezwa katani ikiwa imelowa, ukawa na matundu ya hewa na mkunjo kwenye kona. Alieleza kwa utaratibu, akionyesha kwa mikono yake iliyofungwa jinsi matabaka yalivyokuwa yameachana. Honorata alitoka kitandani akasimama mlangoni, akasema aliyaona kwa macho. Ofisa aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama anaweza kuonyeshwa kipande cha huo ubavu mwingine.

Hakikuwapo.

Bwana Kostas alisema kwa upole kwamba kitu kigumu namna ile hakipasuki kwenye mwendo wa kawaida. Alisema madereva wakifika nyikani, ambako hakuna wa kuwaona, hukanyaga mafuta. Hakumtaja Kassimu kwa jina.

Eliufoo hakurudi shambani. Alipopata nguvu aliondoka na Honorata kwa miguu na kwa magari ya watu kuelekea Kihurio, kwa mke wa marehemu. Walitaka kufika kabla ya maneno. Maneno yalikuwa yamefika. Karani wa shamba alikuwa amepita siku iliyotangulia na gunia la unga, akakaa kwa adabu kwenye jamvi, akaeleza mambo ya mwendo kasi, akaondoka.

Mwamvita, mjane, aliwapokea uani. Alikuwa amevaa kaniki, na hakuwa analia. Aliwapa maji. Wote wawili waliyashika mikononi muda mrefu kabla ya kunywa, naye akawaona, akangoja. Baada ya hapo aliuliza swali moja.

"Ni kweli mume wangu alikuwa anakimbiza gari?"

"Hapana, dada," Eliufoo alisema. "Alikuwa anashuka polepole sana. Nilimwambia asimame, akasimama. Tangi ndilo lililopasuka. Lilitengenezwa vibaya, likapakwa rangi."

"Aliteseka?"

Honorata ndiye aliyejibu. Alisema ndiyo, aliteseka, na kwamba hawakumwacha.

Mwamvita aliinama, akaokota unyasi, akauvunja vipande. Uani kwa jirani kulikuwa na wanaume wamekaa wanasuka mikeka, wametega masikio tangu wageni walipoingia. Watoto wa Kassimu walikuwa wamesimama mlangoni kwa kufuatana urefu.

"Jana yule karani alisema kwa sauti," Mwamvita alisema. "Majirani wote walisikia. Wanangu walisikia. Nawe sema kwa sauti, kaka."

Eliufoo alisimama. Koo lake lilikuwa halijapona, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, lakini aliitoa yote. Alisema Kassimu alikuwa anaendesha polepole. Wanaume wa jirani waliinua vichwa. Mmoja wao, mzee, aliweka mkeka wake chini akasema hawakusikia vizuri, arudie.

Akarudia.